Grefye Aliyewaombea Wezi

Mtu aliyewaombea wezi huruma katika mji wetu wa Butembo alikuwa na makufuli matatu kwenye mlango wake. Moja juu, moja chini, na moja katikati ambalo halikuwa na kazi yoyote, maana pete yake ilikatika zamani. Hata hivyo alilifunga kila jioni na kulivuta mara mbili. Ukimuuliza sababu, alikujibu bila haya: "Mimi hapana kupenda wezi. Hata kidogo. Ninapenda barua."

Tulimwita Papa Grefye, kwa sababu kabla ya vita alikuwa karani wa tribinali, mahakama yetu, miaka mingi, na karani wa tribinali kwetu ndiye grefye. Sijui alizaliwa kilima gani wala baba yake alikuwa nani, na ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyewauliza watu wote maswali hayo. Mimi nilikuwa mpiga masini wake, mpiga chapa, katika miaka ya vita. Hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita Daktilo, kama wanavyoitwa wapiga masini wa ofisi za maana, nami nilijiona mtu mkubwa. Niseme mapema kwamba ninaandika haya kwa aibu. Asiye na subira ya kusikia aibu ya mtu mwingine aachie hapa.

Wakati ule wakubwa wa mji walibadilika kila mara. Leo komanda huyu, kesho yule, na kila mmoja alikuja na kashe yake, muhuri wake mwenyewe, hata barua iliyopigwa muhuri jana ikawa karatasi ya kufungia karanga. Hakukuwa na hakimu. Wezi wadogo, wale wa kuku, wa pedali ya baiskeli, wa nguo zilizoanikwa, walifungwa katika depo ya zamani ya kahawa iliyogeuzwa kasho, yaani jela. Depo ikijaa, lori lilikuja, vijana wakapandishwa kwenda kubeba mizigo ya askari njia ya Beni na mbele zaidi. Waliorudi ni wachache. Njia ya kutoka kabla ya lori ilikuwa moja tu: barua ya kuomba huruma, yenye sahihi ya komanda chini. Barua hizo zilitoka katika chumba kimoja cha mtaa wa Vulamba, kinachotazamana na duka la misumari, na aliyeziandika alikuwa Papa Grefye.

Mama walikuja asubuhi na ukungu bado haujapanda, kitenge kimefungwa kifuani, macho mekundu. Wakianza kulia, Papa Grefye alisukuma karatasi mbali nao.

"Aka, mama! Machozi inalowesha karatasi. Taja."

Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake. Alisema huruma haiombwi kwa kulia, inaombwa kwa kutaja. Utaje kilichoibwa na hali yake: kuku jike, mwekundu, aliyekuwa analalia mayai sita. Utaje mwizi ni nani, na nani atamlinda akitoka. Neno "maskini" lilipigwa marufuku katika biro yetu, ofisi ile ya chumba kimoja. "Kila mutu ni maskini," alisema. "Hata komanda anasema eko maskini. Tafuta neno ingine." Mama mmoja alifikiri, akasema mwanawe anaogopa ngurumo ya mvua mpaka leo. Papa Grefye alipiga meza kwa kiganja. "Ile! Daktilo, andika ile ya mvua."

Sheria yake kubwa kuliko zote ilikuwa ya majina. Sisi Banande tunapewa jina kwa hesabu ya tumbo. Mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, wa nne ni Kakule, na hivyo hivyo. Simama katikati ya soko la Butembo uite "Kasereka!" uone vichwa vitakavyogeuka. Kwa hiyo Papa Grefye hakukubali jina hilo peke yake hata kwa dawa. Alidai jina la mama, jina la kilima, na alama ya mwilini. "Ile jina inahesabu tumbo," alisema, "haitaji mutu. Mlinzi wa kasho ataita Kambale, na Kambale wote watasimama. Utamupatia huruma nani?" Aliyarudia maneno hayo mbele yangu mara nyingi hata nikawa ninayasema naye midomo imefungwa, kwa dharau ya kijana. Yalikuwa yamenichosha.

Halafu kulikuwa na neno la aliyeibiwa. Hapo ndipo watu walipomchukia. Barua yake haikuwa imekamilika mpaka mtu aliyeibiwa aje, aketi kwenye ubao wa kukalia wageni, aseme jambo moja jema analolijua juu ya mwizi wake. Moja tu, lakini la kweli. Nakumbuka mfanyabiashara wa mabati, Mkatoliki mwenye tumbo na saa ya dhahabu, aliyeibiwa mbuzi.

"Kitu kizuri? Mu mwizi?" aliuliza.

"Ndiyo, patron. Kimoja."

"Hakuna."

"Donc, basi, tutangoya."

Papa Grefye alimimina chai yake isiyo na sukari, akanywa taratibu mbele ya mgeni bila kumkaribisha. Tulingoja mpaka jua likaingia dirishani. Mwisho yule bwana alifoka: "Basi andika! Hakuvunja kufuli yangu. Alifungua polepole, akatoa mbuzi, akafunga tena!" Papa Grefye alinitazama kwa furaha isiyofichika. "Daktilo, andika vile vile." Komanda aliposoma alicheka mpaka akakohoa, na kijana alilala kwao siku hiyo hiyo. Jioni ile Papa Grefye alivuta kufuli lake la katikati mara nne badala ya mbili.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mchoyo wa karboni: tulitumia karatasi moja ya karboni mpaka ukiishika dirishani unaona duka la misumari. Avoka, yaani maparachichi, alizoletewa na mama wa wafungwa alizibonyeza moja moja, na zenye doa aliwarudishia mkononi. Siku moja alimkamata kijana juu ya mti wake wa avoka, akamshusha kwa mwavuli, akampiga nao mpaka ukapinda mbavu. Mimi nilisimama mlangoni nikisema moyoni, huyo ndiye mtetezi wa wezi! Kisha alimvuta ndani, akamketisha kwenye ubao, akaingiza karatasi katika masini. Aliandika barua ya huruma, kutoka kwake, kwenda kwake. Jina la mama, kilima, alama. Alipofika kwenye neno la aliyeibiwa alikwama. Alimkodolea kijana macho kwa muda mrefu, huku yule akipangusa kamasi. "Anajua kupanda," aliandika mwishowe. Akapiga sahihi, akajisomea kwa sauti, akajikubalia, akamfukuza. Kopi aliiweka katika karton ya sabuni pamoja na kopi nyingine zote. Hakuna barua iliyotoka biro ile bila kopi.

Sasa nifike kwenye langu, kwa sababu nimezunguka vya kutosha.

Nilikuwa na kitenge kimoja cha Jumapili, cha bluu, chenye ndege. Nilikifua Ijumaa, nikakianika kwenye mabati ya ukuta, na kabla hakijakauka kikaenda. Kesho yake kijana alishikwa nacho sokoni akitafuta mnunuzi. Nilimtambua. Alikuwa Kasereka, mtoto wa kiume wa tatu wa mama mmoja muuza maharagi wa mtaa wetu, mama wa kanisa letu. Askari aliniuliza kama kitenge ni changu. Nikasema ndiyo, changu, na mwizi mumpeleke. Wakanirudishia kitenge, wakampeleka depo.

Kuna jambo sikumwambia askari. Mwaka mmoja kabla, mama yangu alianguka barabarani, mguu ukavunjika, mvua inanyesha. Baiskeli hazikusimama. Kasereka huyo huyo alimbeba mgongoni mpaka dispansari, matope mpaka magotini, akaondoka kabla hatujamshukuru. Jambo jema la kweli juu ya mwizi wangu nilikuwa nalo tayari. Sikuhitaji kungojea jua liingie dirishani.

Jumatatu mama wa maharagi alikuja biro. Siku hiyo Papa Grefye alikuwa na jino. Shavu lilivimba mpaka jicho likafunga, na alikuwa anatoka kwenda kung'olewa.

"Daktilo, lori itakuya keshokutwa," alisema kwa shida, mkono shavuni. "Andika, peleka wewe mwenyewe. Unajua sheria. Na wewe ndiye uliibiwa, donc neno ni yako. Fanya mbio."

Tukabaki wawili. Yule mama aliketi kwenye ubao, mikono mapajani, hakulia. Nadhani alikuwa amekwisha kuambiwa na wengine kwamba pale hawalii. Alitaja. Alinipa jina lake lote. Alinipa jina la kilima chao, upande wa Lubero. Alisema: "Kidole kidogo ya mukono wa kushoto, hakuna. Mupanga ulikata wakati alikuwa anatafutia mbuzi majani." Kisha alinitazama usoni: "Mama, ninajua ni kitenge yako. Nilimupiga kwa mudomo mpaka nikachoka. Unisaidie."

Nikaanza kupiga masini. Nilipiga kwa kelele, ili asikie kazi. Nikaandika: "Kasereka, mwizi wa nguo, aliyefungwa juma lililopita, anaombewa huruma." Nikasogeza karatasi. Palikuwa pamebaki mistari mitatu ya sheria: jina la mama pamoja na kilima, alama ya mwilini, neno la aliyeibiwa. Sikuiandika. Nilikuwa na hasira, na ilikuwa hasira ya kitenge, si zaidi. Nilijiambia barua nyembamba haitamgusa komanda, ataitupa pembeni, kijana atakaa siku mbili, tatu nyingine na chawa ajifunze, kisha Papa Grefye atapona jino na kuandika barua nzuri. Habari ya lori nilikuwa nimeisikia kwa masikio yangu. Niliiweka mahali ambapo sikulazimika kuitazama.

Nikamsogezea yule mama kidau cha wino. Hakujua kusoma. Alichovya kidole gumba, akakikandamiza chini ya maneno ambayo hayakumtaja, akakifuta kwenye kitenge chake. "Wasingya," aliniambia. Asante.

Kumbe sikumjua komanda. Alikuwa anaelekea Beni, gari linanguruma, na barua ndefu zilimchosha. Alichukua yangu, akaisoma kwa kutupa jicho, akasema, "Voilà! Hii njo barua. Fupi." Akapiga sahihi na kashe juu ya mguu wake, akapanda gari.

Mama wa maharagi alikuwa ameshafika mbele ya depo na sufuria ya ugali iliyofungwa kitambaa, pamoja na shati safi. Mlinzi alisoma karatasi, akafungua mlango kidogo, akaita: "Kasereka! Ule wa nguo!" Hakumaliza. Kijana mmoja mrefu, mwepesi wa miguu, alitoka huku akivuta suruali, akapita kati yetu, akakimbia bila kugeuka. Mikono yake ilikuwa na vidole vyote.

"Huyu hapana wangu," mama alisema.

"Mulitaka Kasereka," mlinzi alijibu akifunga komeo. "Kasereka njo huyu. Barua moja, mutu moja."

"Wangu hana kidole. Soma tena, papa. Imeandikwa kidole."

Mlinzi alimwonyesha karatasi. Mama alinigeukia mimi. Ndugu zangu, hapo ningeweza kusema. Ningeweza kupiga magoti mbele ya mlinzi, ningeweza kukimbia kumtoa Papa Grefye mikononi mwa mng'oa meno. Nilisema: "Tutaandika ingine kesho, mama. Komanda akirudi." Nikamshika bega, kama mtu mwema. Sauti ya kijana wake niliisikia nyuma ya mlango ikiita, "Mama, niko hapa!" Kesho yake saa nne, mimi na yeye tulipofika na barua nyingine ya kumngojea komanda, depo ilikuwa tupu, isipokuwa wafungwa wawili waliokuwa wanafagia. Lori lilitangulia siku moja.

Kasereka wa kidole alionekana njia ya Beni na sanduku kichwani. Mtu mwingine akasema alimwona karibu na mto. Baada ya hapo hakuna aliyesema kitu.

Jumapili, wakati wa matangazo, mama wa maharagi alisimama kanisani. Hakupaza sauti. Alisema: "Nilipeana majina yote. Jina yangu, kilima yangu, kidole ya mutoto wangu. Niliweka mukono. Barua haikusema." Kanisa lote lilimgeukia Papa Grefye. Alisimama, shavu bado limevimba, kofia mikononi. Sikujua kwamba tangu siku ile ya lori alikuwa amekwisha kusoma kopi. Alisema: "Barua ilitoka mu biro yangu. Kosa ni yangu." Akaketi. Mimi nilikuwa kwaya, mstari wa mbele, kitabu cha nyimbo kifuani, nimevaa kitenge changu cha ndege. Mwalimu wa kwaya akainua mkono. Na mimi niliimba.

Baada ya hapo akina mama wa wafungwa hawakuja tena biro. Walisema mzee amechoka, anachanganya watu. Yeye hakujitetea, na mimi hakuniuliza neno, hata tulipobaki wawili mchana kutwa bila kazi. Siku moja alinipa masini, akaninyima karton ya kopi, akafunga makufuli yake matatu, akahamia Beni kwa binti yake. Niliona nafuu alipoondoka. Hilo nalo nimelibeba.

Vita vilipopoa, pikipiki zilijaa mjini. Jioni moja dereva mmoja mrefu alinikatia njia, akavua miwani, akapiga kelele watu wasikie: "Mama Daktilo! Ni mimi, Kasereka wa barua! Panda! Wewe hapana kulipa hata siku moja! Bila wewe ningeenda na ile lori!" Alikuwa na mke, na watoto wawili, na wa kwanza anasoma. Nilipanda kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Tangu siku hiyo, nikienda sokoni ninazunguka kwa nyuma, nisipite kituo chake.

Nilimwona Papa Grefye kwa mara ya mwisho huko Beni. Nilisikia miguu imemkataa, nikapanda gari na mfuko wa maharagi ya Lubero, na njia nzima nilikariri maneno ya kuungama. Nilimkuta ameketi karibu na mbabula, jiko la makaa, amevaa koti lake la siku za biro, mwembamba. Mlango wa binti yake ulikuwa na makufuli matatu.

"Umechelewa, Daktilo," alisema.

"Papa Grefye, nimekuya kukuambia kitu."

"Usiniambie mimi. Mimi nilisoma kopi." Alionyesha chini ya kitanda. "Vuta karton."

Nikaivuta. Juu kabisa, katika bahasha, ilikuwa barua iliyoandikwa kwa mkono wake. Iliandikiwa mama wa maharagi. Ilimwombea huruma mwizi mmoja. Jina langu lote lilikuwamo, ambalo sikujua kama alilijua. Jina la mama yangu, kilima chetu, alama: wino kwenye kidole cha kulia. Kitu kilichoibwa: mistari mitatu. Chini kabisa aliandika "Neno la aliyeibiwa," na mbele yake nafasi tupu. Karatasi ilikuwa imegeuka njano.

"Uliandika lini?" niliuliza.

"Ile wiki ya kanisa. Nilingoya uiombe." Alikohoa, akapangusa mdomo. "Nilibeba ile kosa sababu nilisema, kesho atasimama. Kesho atasimama. Lakini wewe, Daktilo, unaimba vizuri sana."

Nililia. Alisukuma bahasha mbali na machozi yangu kwa mguu wake mbovu. Sikusikia akinisamehe, na sikuomba. Aliniambia tu kwamba gari la mwisho la Butembo linaondoka saa tisa. Miezi michache baadaye walimzika huko huko.

Barua nilikaa nayo zaidi ya mwaka. Nilikwenda baada ya kukosa kisingizio kingine. Mama wa maharagi bado anauza mahali pale pale, amezeeka, anachagua mawe kwenye ungo. Nilichuchumaa mbele yake nikamsomea yote, mpaka mistari mitatu, mpaka kitenge, na nilimwambia kwamba masini siku ile ilikuwa mikononi mwangu peke yangu. Vidole vyake havikuacha kuchagua mawe. Mteja alikuja, akampimia, akarudi kuketi.

"Ile nafasi ni ya nini?" aliuliza.

"Ni yako, mama. Jambo moja zuri unajua juu yangu. Kama liko."

Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, kisha akarudia. Ilichukua muda mrefu kuliko mbuzi wa yule bwana wa mabati.

"Andika: anajua kuandika."

Niliandika vile vile. Nikamfungulia kidau cha wino. Alichovya kidole gumba, akakileta juu ya karatasi, akakisimamisha hapo. Halafu alimwita muuza chumvi aliyeketi kando yake.

"Kuya unisomee," alisema. "Nisikie kama iko vile alisema."

Muuza chumvi alichukua barua, akasimama, akasoma yote kwa sauti, jina langu kwanza.